Ufunguo wa Chumba cha Presha: Shajara ya Mradi, Mukuru kwa Reuben

Januari, wiki ya tatu

Leo tumeketi na kamati ya wakazi wa Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, kwa mara ya kwanza, ndani ya ukumbi wa mabati karibu na soko. Sisi wa kanisani tulikuwa sita, wao kumi na mmoja. Tulikuja na mpango uliokwisha kupikwa. Agosti tunapokea wageni kutoka kanisa rafiki huko Marekani, mmoja wao daktari na wawili wauguzi, na nia yetu ilikuwa kuandaa kambi ya matibabu ya siku moja: hema, viti vya plastiki, vipimo vya bure, dawa za minyoo kwa watoto, miwani ya kusomea kwa wazee, maombi ya kufungua na ya kufunga. Nilikuwa nimechora hata njia ya foleni.

Mzee mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama wenzake. Mama mmoja anayeuza omena akaomba nafasi. Alifungua fundo la leso, akatoa makaratasi matano, akayapanga mezani moja baada ya jingine kama anayepanga bidhaa zake. Kila karatasi imetoka kwenye kambi yake na mwaka wake. Kila moja ina namba za presha, zote za juu mno, na chini yake maneno yale yale: aende hospitali.

"Mwalimu, mmetupima sana," akaniambia, na kwa "mmetupima" alikuwa ametuunganisha sisi na wote waliotutangulia. "Sasa mkishang'oa hema, Jumatatu nimuulize nani?"

Sikuwa na jibu. Nimeliandika swali lake kwenye jalada la ndani la daftari hili.

Februari, wiki ya kwanza

Kikao cha kanisa kimechukua saa tatu na nusu. Muuguzi wetu mstaafu alianza kwa kutueleza presha ni ugonjwa wa namna gani, na nadhani wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuuelewa hivyo. Hauumi. Mtu anaweza kutembea nao miaka kumi akibeba mizigo sokoni, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiharibika polepole, hadi siku anapoanguka na upande mmoja wa mwili ukafa. Ikisomeka 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, ni presha. Dawa zake si ghali sana, lakini ni za kila siku, na mwenye kuziacha kwa kuwa anajisikia vizuri anarudi alikotoka. Kambi ya siku moja inaweza kumwambia mtu kwamba anaumwa. Haiwezi kumtibu.

Baadhi ya wazee walisema tuifanye tu, kwa kuwa fedha zimeshachangwa na wageni wameshaahidiwa. Ndipo mama mzee wa kanisa, ambaye huzungumza mara chache, akatukumbusha Mchungaji John Gatu. Mwaka 1971 Gatu, akiwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, aliwaambia Wakristo wa Marekani wakiwa kwao kwamba wasitishe kutuma wamishonari na fedha kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa ya huku yajitambue na kujua nguvu zake. Mwaka 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, ambalo makao yake yako papa hapa Nairobi, lililibeba wazo hilo katika mkutano wa Lusaka. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, na si kila mtu alikubali, hata humu nchini.

"Wazazi wetu walimpigia makofi," mama huyo akasema. "Leo sisi ndio tunaotoka mitaa ya lami kwenda Mukuru. Tuko tayari kuambiwa na watu wa Mukuru yale Gatu aliyowaambia Wamarekani?"

Ukumbi ulinyamaza. Nami nakiri hapa kwamba sikuwahi kujiona kama mmishonari. Kutoka kwetu hadi kwa Reuben ni matatu mbili na mwendo mfupi wa miguu, tunanunua sukuma ile ile, tunazungumza lugha ile ile. Lakini tunakwenda tukiwa na fedha na mpango, tunarudi jioni, na sisi ndio tunaoamua lini mradi umekwisha. Ukitazama hivyo, tofauti na mgeni aliyevuka bahari ni ndogo kuliko nilivyodhani.

Tumeamua: hakuna kambi. Fedha za hema na viti zitakuwa kodi ya chumba cha kupimia presha kwa mwaka. Barua kwa wageni nimeiandika usiku huu huu kabla moyo haujarudi nyuma.

Februari, wiki ya nne

Chumba kimepatikana, kumi kwa kumi, mabati, sakafu ya saruji, stima ya tokeni, ya kulipia kabla. Kamati ndiyo iliyokitafuta. Kujenga haikuwezekana. Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru iligawiwa watu binafsi miaka ya 1980 kwa ajili ya viwanda vidogo, na wanaoishi juu yake hawana hati. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, baada ya wakazi wenyewe, wengi kupitia Muungano wa Wanavijiji, kukusanya takwimu na kushinikiza kwa miaka. Watu hawa wamezoea vikao kuliko sisi. Wanajua kuandika kumbukumbu, wanajua kuuliza nani anasaini.

Kodi tumegawana: kanisa robo tatu, kamati robo kutoka kwa chama chao cha kuchangiana. Nilipinga wao kulipa chochote. Mweka hazina wao, kijana fundi wa viatu, akanijibu kwamba asiyelipa hana sauti siku ya kuhama.

Palipokwama ni kwenye ufunguo. Wao wanataka ukae kwao. Mweka hazina wetu anasema mashine za kupimia ni mali ya kanisa na lazima kuwe na udhibiti. Tumeafikiana kufuli mbili, moja yao, moja yetu, mlango usifunguke bila pande zote mbili kuwepo. Ilionekana haki.

Machi

Tumefungua. Naandika kwa pamoja mambo ya wiki tatu kwa kuwa sikupata nafasi.

Siku tulizopanga sisi, Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, hazikuleta watu. Wiki nzima tulipima wazee wanne na mama mmoja aliyejifungua. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji hicho, mama wa makamo anayejua kila ploti, akatueleza jambo ambalo tungeliuliza mapema. Wenye umri wa kupata presha, saa kumi na moja alfajiri wameshatoka kwenda kusimama kwenye mageti ya viwanda vya Industrial Area kutafuta kibarua, na wanarudi giza limeingia. Siku watu wako nyumbani ni Jumapili. Waadventista wao wana nafasi hiyo hiyo ya Jumapili, Waislamu vilevile.

Jumapili kwa kikundi cha kanisa! Wapo waliokasirika. Mchungaji wetu alitupatia njia: wahudumu wahudhurie ibada ya kwanza, saa moja asubuhi, kisha watoke moja kwa moja kwenda Mukuru, na watajwe mbele ya waumini kabla ya kutoka, kama sehemu ya ibada. Jumapili ya kwanza ya utaratibu huo walikuja watu thelathini na wawili.

Swali la maombi nalo lilizuka. Katika kamati wamo Wakristo wa madhehebu mbalimbali, Waislamu wawili, na mzee mmoja asiyesali popote. Tulikuwa tumezoea kufungua kila huduma kwa sala na neno fupi. Mwenyekiti alituomba vikao vya kamati vifunguliwe kwa sala, kila mmoja kwa zamu na kwa imani yake, ila mlangoni pa chumba asiulizwe mtu dini. Nimekubali bila shida ya moyo. Nimekuwa nikiutafakari mfano wa Msamaria. Hakumfunga yule majeruhi vidonda akaenda zake. Alimpeleka nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili, akaahidi kurudi. Katika mahubiri tunamsifu kwa huruma yake, na ni sawa, lakini ile ahadi ya kurudi tunaipita haraka. Wala hatuambiwi kama alimuuliza majeruhi anasali wapi.

Kuhusu kazi yenyewe. Muuguzi wetu amewakalisha wahamasishaji wanne na kuwarudisha kwenye misingi, ingawa mashine wanazo tangu serikali ilipogawa mikoba yao mwaka 2023. Mtu aketi dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asizungumze. Apimwe mara mbili. Mama wa omena alipopimwa akiwa ametoka kutembea haraka na ndoo, namba ya juu ilisoma 186. Alipokaa na kutulia ikasoma 172. Bado ni juu, lakini mtu mwingine tungemtia hofu bure.

Chumba hakigawi dawa. Kinapima, kinaandika, kinampeleka mtu kituo cha afya, na wiki inayofuata kinauliza kama alifika. Hapo ndipo tulipokutana na ukuta wa pili, usajili. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, na matibabu ya zahanati na vituo vya afya yanalipwa na mfuko wa serikali ikiwa mtu amesajiliwa. Kusajili ni kupiga *147# na kuwa na kitambulisho. Ni rahisi ukiwa na simu yako na kitambulisho chako. Wengi walidhani bila kulipa kwanza ada ya mwaka mzima, ile ya wasio na mshahara, ambayo haishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi, hawawezi kuhudumiwa popote. Ada hiyo ni ya hospitali kubwa. Kituo cha afya hakiidai. Neno hili moja, likisemwa polepole na mtu wa mtaa mwenyewe, limewapeleka kituoni watu wengi kuliko mashine zetu.

Aprili, Jumapili ya pili

Mvua imenyesha tangu Ijumaa. Leo niliyebeba ufunguo wa kanisa ni mimi, na nilikwama barabarani kwa saa mbili na nusu, maji yamefunika lami, matatu zimezima injini. Nilipofika, watu kumi na wanane walikuwa wamesimama chini ya ukingo wa paa, mmoja wao shosho, bibi mzee, aliyeletwa kwa mkokoteni. Wahamasishaji wote wanne walikuwapo tangu saa tatu. Ufunguo wao walikuwa nao. Kufuli lililowazuia ni letu.

Hakuna aliyenilaumu. Mwenyekiti alinipa kikombe cha chai. Shosho alipimwa, 198 kwa 112, akapelekwa kituoni mvuani.

Aprili, siku iliyofuata

Nimemweleza mweka hazina wetu na mchungaji. Nilisema wazi kwamba kufuli lile nililiunga mkono mimi. Jioni nimerudi Mukuru na kulitoa kwa mkono wangu. Sasa ni kufuli moja, na ufunguo unakaa kwa mhamasishaji, na nakala kwa mama wa duka lililo mkabala. Sisi hatuna.

Aprili, wiki ya nne

Mto Ngong umejaa. Kila mtu hapa anaikumbuka Aprili ya 2024, nyumba zilivyosombwa na familia zilivyoamriwa kuondoka ukanda wa mita 30 kutoka mtoni, na tingatinga zilizofuata. Wiki hii maji hayakufika huko, lakini kuhara kumeanza kwa watoto. Chumba cha presha kimekuwa chumba cha kila kitu. Wahamasishaji wanafundisha akina mama mlangoni: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, mtoto anyweshwe kidogo kidogo, na asiyeweza kunywa au mwenye macho yaliyozama apelekwe kituoni mara moja akapate na zinki. Wanatumia chupa ya soda ya lita moja kama kipimo kwa kuwa iko kila nyumba.

Hili hatukulipanga wala hatukuombwa ruhusa. Nililisikia likiwa limeshaanza siku tatu.

Mei

Mweka hazina wa kamati amenipigia simu: wanataka chumba kitumike jioni, saa kumi na mbili hadi saa mbili, watoto wafanye kazi ya shule. Nyumbani tokeni huisha, na chumba cha watu sita kina meza moja ya kupikia na kulia. Mimi ni mwalimu, nilifurahi, nikaanza mara moja kupanga ratiba kichwani. Wakaniambia ratiba wanayo. Vijana watatu waliomaliza kidato cha nne na hawajapata chuo watasimamia, na kila mzazi atachanga shilingi kumi kwa siku mtoto wake anayokuja, ya tokeni na posho ya vijana.

Hilo la shilingi kumi lilinichoma. Watoto wengi wa hapa wako kwenye shule ndogo za mtaani, ambazo wazazi wanazigharimia wenyewe, na sasa tena kumi? Nilisema kanisa litalipa. Mama wa omena, ambaye ana wajukuu wawili, aliniambia, "Mwalimu, keti kwanza." Kisha akanihesabia. Kijana anayelipwa na kanisa, kanisa likichoka, ataondoka. Kijana anayelipwa na wazazi, siku asipokuja, wazazi watamfuata hadi nyumbani kwao.

Nilirudi nikiwaza habari za mwaka 1929, wazazi wa Kikuyu walipogombana na misheni juu ya ukeketaji wa wasichana. Siutetei ukeketaji hata chembe. Katika hilo misheni ilikuwa na haki ya kusema. Lakini wazazi walipotoa watoto wao shule za misheni walijenga za kwao, kwa michango ya mbuzi na mawe na siku za kazi, na mwaka 1939 wakafungua chuo chao cha walimu Githunguri. Wamishonari wengi hawakuwahi kudhani kwamba watu wale wangeweza. Mwalimu kama mimi, anayeipenda shule, aweza kuanguka katika kosa hilo hilo kwa nia njema kabisa.

Wamekubali jambo moja kutoka kwangu: mtoto asirudishwe mlangoni kwa kukosa kumi. Wameliandika.

Juni na Julai

Mambo machache. Kamati imeanza kujisajili kama kikundi cha kijamii chini ya sheria ya 2022. Katiba wameiandika wenyewe kwa Kiswahili, kurasa saba. Kituo cha afya kiliishiwa amlodipini, dawa ya presha, majuma mawili, na wagonjwa wakanunua dukani, wengine vidonge vitano vitano. Mfuko mdogo wa dawa umeanzishwa ndani ya chama, shilingi hamsini kwa wiki kwa anayetaka. Vitabu vya hadithi vilivyoletwa na waumini wetu vimepangwa rafuni. Vingi ni vya Kiingereza, na vile vichache vya Kiswahili vimeshachakaa kwa kusomwa. Tutafute vya Kiswahili.

Agosti, wiki ya pili

Wageni wamefika, watano. Nilikuwa na wasiwasi juu ya yule daktari, mama wa miaka sitini hivi, aliyetumia likizo yake yote kuja. Daktari wa kigeni hawezi kutibu hapa bila leseni ya muda, na kwa kuwa hakuna kambi hatukuiomba. Nilidhani ataona tumempotezea safari.

Kamati ilimpangia kazi. Jumapili aliketi nyuma ya mhamasishaji, akitazama. Mkalimani alikuwa mmoja wa wale vijana watatu. Aliombwa asipige picha ya mtu wala ya daftari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mwenyekiti aliisoma sehemu hiyo kwa sauti kabla chumba hakijafunguliwa. Daktari akaweka simu yake mkobani na hakuitoa tena.

Mama wa omena alipoingia, hakuwa na leso ya makaratasi. Daftari lilifunguliwa kwenye ukurasa wake. Machi 172. Aprili 164. Mei, alipoanza kunywa dawa bila kuruka, 150. Juni 146. Julai, wiki zile za kukosa dawa, 160. Leo 138. Daktari aliupitia mstari ule kwa kidole kutoka juu hadi chini, akarudia, akauliza ni nani aliyeandika haya. Mhamasishaji akainua mkono kama mwanafunzi. Wakazungumza kwa muda mrefu juu ya ile 160, na daktari akaandika kwenye kijitabu chake.

Jioni aliniambia huko kwao ana wagonjwa wenye bima na magari ambao hana mstari kama ule juu yao.

Septemba, Jumapili ya kwanza

Kodi ya mwezi huu kamati imelipa nusu. Hawakuniambia, nimeona risiti.

Mama wa omena hakuja leo wala Jumapili iliyopita. Nilimwuliza mhamasishaji, nikiwa na hofu. Alikuwa ameshafuatilia tangu Jumatatu. Alikwenda hadi kwenye kona yake, akakuta meza imefunikwa, akauliza jirani, akapiga simu. Mama yuko Siaya kwenye matanga ya kaka yake. Alibeba vidonge vya wiki mbili, vinaisha Alhamisi, na ameshakumbushwa anunue vingine huko akichelewa. Amesema atapanda basi la Ijumaa usiku.

Kwenye daftari, ukurasa wa Jumapili ijayo, jina lake limeandikwa la kwanza.